Mji Uliojiandika

Kati ya Juni na Septemba 1692, watu 19 walinyongwa katika mji wa bandari wa Salem, Massachusetts, baada ya mahakama kuwatia hatiani kwa uchawi. Wa ishirini, mzee Giles Corey, alikandamizwa kwa mawe mpaka akakata roho kwa sababu alikataa kujibu mashtaka. Kesi hizo zimetungiwa riwaya, tamthilia na filamu, na kila mwaka watalii humiminika Salem kwa ajili yake. Hata hivyo, kwa zaidi ya karne tatu swali moja la kawaida kabisa halikuwa na jibu la uhakika: watu hao walinyongewa wapi?

Hati za mahakama zinataja majina, tarehe na mashtaka. Mahali penyewe hazipaelezi. Wenyeji walizoea kuonyesha kilele cha Gallows Hill, kilima cha magharibi mwa mji, na Charles Upham, aliyewahi kuwa meya wa Salem, aliunga mkono simulizi hilo katika Salem Witchcraft, kitabu chake cha juzuu mbili kilichotoka mwaka 1867. Upham si mtu wa kupuuzwa. Kitabu chake kina ramani inayoonyesha nyumba za mwaka 1692 moja baada ya nyingine, na watafiti wameitegemea kwa vizazi. Lakini kuhusu kilele alikosea.

Aliyelibaini kosa hilo ni Sidney Perley, mwanasheria wa huko huko. Perley alikuwa mtu wa hati za ardhi: nani alimuuzia nani, kiwanja kilipakana na cha nani, mjane alirithi chumba kipi. Kwa miaka mingi alizipekua hati za kaunti ya Essex na kuvichora upya viwanja vya Salem vya karne ya 17, akieleza kila nyumba ilisimama wapi na ilipita mikononi mwa akina nani. Mwaka 1921 alichapisha makala katika jarida la historia la kaunti, akadai kwamba watu wale walinyongewa chini ya kilima, kwenye mwamba unaoitwa Proctor's Ledge.

Hoja zake zilikuwa za mtu anayeujua mji kwa miguu. Mkokoteni uliobeba mahabusu usingeweza kupanda mpaka kileleni, na hapakuwa na sababu ya kuupandisha. Kisha kulikuwa na ushahidi wa mzee John Symonds, aliyezaliwa mwaka uleule wa kesi na kufariki mwaka 1791. Symonds alikuwa akisimulia kwamba mwanamke aliyemhudumia mama yake wakati wa uzazi aliwaona watu wakining'inia kilimani kupitia madirisha ya chumba. Daktari Edward Augustus Holyoke aliyasikia hayo na kuyaandika. Perley aliijua nyumba ya akina Symonds ilikuwa wapi. Kilichobaki ni kuuliza: ukisimama kwenye dirisha lile, unaona sehemu gani ya kilima?

Mwaka 1936 mji ulinunua kipande cha ardhi hiyo ili kihifadhiwe, kisha majani yakaota na watu wakasahau. Mnamo Januari 2016 kundi la watafiti, wakiwemo wanahistoria Emerson Baker, Marilynne Roach na Benjamin Ray, lilitangaza kwamba Perley alikuwa sahihi. Walirudi kwenye maneno ya Rebecca Eames, mshtakiwa aliyepelekwa Salem kuhojiwa asubuhi ya 19 Agosti 1692. Walinzi wake walisimama kwenye nyumba moja chini ya kilima, na kutokea pale Rebecca aliona tukio la kunyonga watu likiendelea. Watafiti walitumia kompyuta kupima nini kinaonekana na nini hakionekani kutoka kwenye nyumba za barabara iliyopita hapo, na rada ya kupima chini ya ardhi ikathibitisha kwamba udongo wa mwambani ni haba, hautoshi kuzika mtu. Tarehe 19 Julai 2017, miaka 325 tangu wanawake watano wanyongwe siku moja, mji ulizindua ukumbusho mahali hapo.

Nimeanza na kisa hiki kwa sababu kinaonyesha nguvu ya vitabu ambavyo sura hii inavihusu: vitabu vya zamani vya miji, vitongoji na kaunti za Marekani. Vingi havijawahi kusomwa nje ya eneo lake. Vina makosa, upendeleo na majivuno. Lakini kitabu cha mji hutaja jina, nyumba, siku na kiasi, na kwa hiyo hujiweka mahali ambapo mtu mwingine anaweza kuja kukikagua. Historia kubwa ya taifa husema kwamba nchi ilikuwa na hofu, au kwamba biashara ilistawi, na msomaji hana pa kuishika. Kitabu cha mji husema dirisha lile, mwamba ule. Kikikosea, kinasahihishika, na kwangu mimi kitabu kinachosahihishika kina thamani kuliko kitabu kisichothubutu kusema lolote la kupimwa.

Vitabu vilitoka wapi

Wamarekani walianza mapema kuhifadhi karatasi zao. Massachusetts Historical Society iliundwa Boston mwaka 1791, na mwaka 1812 mchapishaji Isaiah Thomas akaanzisha American Antiquarian Society katika mji wa Worcester. Salem nayo haikukaa nyuma. Chama cha historia cha kaunti ya Essex kilizaliwa mwaka 1821, kikaungana na chama cha elimu ya viumbe mwaka 1848 na kuwa Essex Institute, ambayo tangu 1859 ilikuwa na jarida lake. Ni jarida hilo lililochapisha makala ya Perley.

Mchungaji Joseph Felt alitoa Annals of Salem mwaka 1827. Kitabu hicho kinakwenda mwaka kwa mwaka: nani alifika, daraja gani lilijengwa, ugonjwa gani ulipita. Hakisomeki kama hadithi, ila ukitafuta jambo moja utalipata na kumi usiyoyatarajia. Nathaniel Hawthorne, aliyekuwa afisa wa forodha Salem kati ya 1846 na 1849, alikijua vizuri. Katika utangulizi wa The Scarlet Letter, riwaya yake ya mwaka 1850, anadai kuwa alizikuta karatasi za afisa wa zamani aitwaye Jonathan Pue katika chumba cha juu cha jengo la forodha. Karatasi hizo ni za kubuni, lakini Pue aliishi kweli, na Hawthorne anamwambia msomaji kwamba anadhani alisoma habari za kifo chake kwa Felt. Mtunzi mkubwa kuliko wote waliotoka Salem alipotaka uongo wake uaminike, aliuegemeza kwenye kitabu cha historia ya mji.

Kisha ukaja mwaka 1876, Marekani ilipotimiza miaka 100. Bunge lilipitisha azimio, na mwezi Mei Rais Ulysses Grant akatoa tangazo akiwahimiza wananchi wakusanyike katika miji na kaunti zao tarehe 4 Julai, wasomewe historia ya mahali pao tangu kuasisiwa, kisha nakala moja iwekwe kwa karani wa kaunti na nyingine ipelekwe kwenye Maktaba ya Bunge. Mahali pengi wito huo uliitikiwa. Walimu, mahakimu na wachungaji waliketi kuandika, wakawafuata wazee waliokuwa bado hai na kuwauliza nani alifyeka msitu wa kwanza, nani alijenga kinu cha kwanza cha kusaga nafaka.

Wachapishaji waliona biashara. Katika miongo iliyofuata, kampuni za Chicago, Philadelphia na kwingineko zilituma mawakala kaunti baada ya kaunti kuuza vitabu ambavyo vilikuwa havijaandikwa. Wakala alibisha hodi kwa mkulima mwenye uwezo au mwenye duka, akamsajili kuwa mnunuzi, akachukua maelezo ya maisha yake. Aliyetaka picha yake ichongwe na kuchapwa ukurasa mzima aliongeza pesa. History of Essex County, iliyohaririwa na D. Hamilton Hurd na kutolewa Philadelphia mwaka 1888, ni ya ukoo huo: juzuu mbili nene, zenye sura za miji zilizoandikwa na wenyeji na wasifu wa mabwana wenye ndevu ndefu na makoti meusi.

Asiyekuwepo na lake halipo

Ukiijua bei ya picha, unajua pia nani hayumo. Katika vitabu vya kaunti vya enzi hiyo, mfanyakazi wa kiwanda huonekana kama idadi, mke huonekana kama jina la ubini la familia aliyotoka, na Mmarekani Mweusi mara nyingi haonekani kabisa. Mwaka 1902 Massachusetts ilipitisha sheria ya kusaidia kuchapisha kumbukumbu za vizazi, ndoa na vifo za kila mji mpaka karibu mwaka 1850. Ni kazi kubwa na ya kusifiwa; za Salem pekee zilijaza juzuu sita. Lakini katika juzuu nyingi za mfululizo huo Weusi wamewekwa kando, mwishoni, baada ya majina ya Wazungu wote kwisha. Anayetafuta familia na asilijue hilo atafunga kitabu akidhani hawakuwapo.

Hata shahidi mwema huwa na upofu wake. William Bentley alikuwa mchungaji wa kanisa la mashariki mwa Salem tangu 1783 mpaka alipofariki mwaka 1819. Alisoma lugha nyingi, akakusanya maelfu ya vitabu, na kuanzia 1784 aliandika shajara ambayo Essex Institute iliichapisha kwa juzuu nne kati ya 1905 na 1914. Sijui shajara ya mji mdogo inayoishinda. Meli iliyotia nanga, samaki waliovuliwa, mtoto aliyekufa na ugonjwa uliomuua, ugomvi wa makanisa, yote yamo.

Mnamo Januari 1804 Bentley aliyaeleza maandamano ya chama cha manahodha wa Salem, East India Marine Society. Chama hicho kilianzishwa mwaka 1799, na hukuweza kujiunga nacho mpaka uwe umevuka Rasi ya Tumaini Jema au Rasi ya Horn ukiwa nahodha au msimamizi wa shehena. Siku ile wanachama walipita barabarani, kila mmoja na kitu cha ajabu alichokileta kutoka Mashariki. Mmoja alivaa mavazi ya Kichina. Machela ya Kihindi ilibebwa na Weusi waliovishwa nguo za mtindo wa Kihindi.

Mabwana wa chama wanajulikana. Majina yao yamo kwenye orodha. Waliobeba machela walikuwa watu wa Salem, majirani wa Bentley, na yeye aliyeyaandika majina ya watu kila siku hakuona haja ya kuyataja yao.

Basi tufunge kitabu? La. Tufungue kingine. John Remond aliwasili Massachusetts kutoka Curaçao mwaka 1798 akiwa mtoto, akakua na kuwa mpishi na mwandaaji wa karamu mashuhuri katika Hamilton Hall, ukumbi wa matajiri wa Salem. Yeye na mkewe Nancy waliwaandalia wafanyabiashara meza, wakasikia mazungumzo yao, na wakawalea watoto waliotikisa nchi. Charles Lenox Remond alizunguka Marekani na Uingereza akihutubia dhidi ya utumwa. Dada yake Sarah Parker Remond alitolewa kwa nguvu katika ukumbi mmoja wa opera Boston mwaka 1853 kwa kukataa kukaa sehemu iliyotengwa. Alishtaki, akashinda, akalipwa dola 500. Baadaye alisomea udaktari na kufanya kazi hiyo Italia.

Habari za familia hii hazikutoka kwenye kitabu kimoja. Zimeokotwa kwenye matangazo ya magazeti ambamo Remond alinadi chaza na vyakula vyake, kwenye vitabu vya anwani za wakazi, kwenye taarifa za mwaka za chama cha wanawake wa Salem cha kupinga utumwa, ambacho wanawake Weusi walikianzisha mwaka 1832, na kwenye shajara ya Charlotte Forten. Msichana huyo wa Philadelphia alikuja Salem mwaka 1854 na kukaa na akina Remond, kwa sababu shule za mji zilikuwa zimeacha kutenga watoto kwa rangi miaka kumi kabla. Alihitimu chuo cha ualimu mwaka 1856 na kufundisha watoto wa Salem. Aliandika jinsi wanafunzi wenzake walivyomchangamkia darasani, kisha wakakutana naye barabarani wakajifanya hawamjui. Salem ya Forten na Salem ya wasifu wa kulipiwa ni mji uleule, kwenye barabara zilezile, na msomaji anayezisoma zote mbili ndiye anayeuona.

Shehena ya Unguja

Kwa msomaji wa Afrika Mashariki, vitabu vya Salem vina jambo la ziada. Mji huu, ambao sensa ya kwanza ya mwaka 1790 iliukuta na watu 7,921 ukiwa miongoni mwa miji mikubwa zaidi nchini, ulipoteza biashara yake ya India na China kwa Boston na New York, kwa kuwa bandari yake haikuwa na kina cha kutosha meli kubwa. Wafanyabiashara wake wakatafuta masoko ambayo wakubwa hawakuyajali. Moja lilikuwa Zanzibar.

Mwezi Septemba 1833 Edmund Roberts wa New Hampshire alitia saini mkataba na Sayyid Said bin Sultan, mtawala wa Oman na Zanzibar, huko Muscat. Wamarekani waliruhusiwa kufanya biashara katika himaya yake kwa ushuru wa asilimia tano. Mwaka 1837 Richard Waters wa Salem aliingia Unguja akiwa konsuli wa kwanza wa Marekani, miaka minne kabla ya Waingereza kuweka wao. Waters alikuwa konsuli na mfanyabiashara kwa wakati mmoja, na alishirikiana kwa karibu na Jairam Shivji, Mhindi aliyekodi forodha ya Sultani.

Meli za Salem zilileta bunduki, baruti, nyaya za shaba na, zaidi ya yote, kitambaa cha pamba kisichopaushwa, ambacho kilifika mpaka Ujiji na Tabora na kutumika mahali pa fedha. Ndiyo merikani ya bibi zetu. Sehemu yake ilifumwa palepale Salem, katika kiwanda cha Naumkeag Steam Cotton Company kilichoanza kazi mwaka 1847. Meli zilirudi na pembe za ndovu, ngozi, karafuu na sandarusi.

Hapa ndipo historia ya mji inapofundisha kuliko historia ya taifa. Vitabu vingi vya biashara ya kimataifa vitakwambia kwamba sandarusi ilisafirishwa kwenda Marekani. Historia fupi ya Salem iliyoandikwa na Charles Osgood na Henry Batchelder mwaka 1879 inakupeleka mpaka kwenye kiwanda cha Jonathan Whipple karibu na bandari, ambako sandarusi iliyochimbwa ardhini kwenye Mrima ililoweshwa na kusuguliwa mpaka gamba la udongo likatoka, ikapangwa kwa ubora na kuuzwa kwa watengeneza vanishi. Mtu wa Bagamoyo aliyeichimba na kibarua wa Salem aliyeisafisha hawakuwahi kuonana. Walishika kipande kilekile.

Barua za Waters na wenzake zilibaki kwenye makabati ya Salem kwa zaidi ya karne, mpaka Norman Bennett na George Brooks walipozichapisha mwaka 1965 katika New England Merchants in Africa, kitabu kinachokusanya hati kuanzia 1802 hadi 1865. Zina bei za pembe, malalamiko kuhusu meli za washindani, maombi ya kitambaa cha aina fulani kwa sababu wanunuzi wa bara walikataa kingine. Mtu wa Tabora alikuwa na sauti kiwandani Massachusetts: akikikataa kitambaa, barua ilivuka bahari kuwaeleza wafumaji.

Biashara hiyo ilivunjwa na vita. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya 1861 hadi 1865 vilikata pamba ya Kusini, kitambaa cha Marekani kikapanda bei, na Waingereza na Wahindi wakaichukua nafasi. Vitabu vya Salem vinaitaja Glide, iliyoingia bandarini kutoka Zanzibar mwaka 1870, kuwa ya mwisho.

Pembe na dhamiri

Pembe zenyewe hazikubaki Salem. Nyingi zilikwenda kwenye bonde la mto Connecticut, katika vijiji viwili vya kaunti ya Middlesex: Deep River na jirani yake, ambacho mpaka leo kinaitwa Ivoryton. Historia ya kaunti hiyo iliyotolewa mwaka 1884 na kampuni ya J. B. Beers inafuata kuzaliwa kwa viwanda vyake tangu enzi za vitana. Baadaye yakaja mapiano. Misumeno iliyozungushwa kwa nguvu ya maji ilizikata pembe kuwa vipande vyembamba, vikapangwa ndani ya nyumba za vioo vipauke kwa jua, kisha vikabandikwa juu ya vibonyezo vya piano. George Cheney, mmoja wa waliokuza kiwanda cha Comstock, Cheney & Co., aliwahi kuishi Zanzibar akinunua pembe.

Katika Deep River aliishi shemasi George Read, mmoja wa waasisi wa kazi hiyo. Read alichukia utumwa kwa dhati. Alimpokea Daniel Fisher, kijana aliyetoroka utumwani Kusini, akamficha na kumpa kazi, na Fisher akaishi kijijini kwa jina la William Winters. Sina sababu ya kuushuku wema wa Read. Lakini pembe zilizokatwa katika kiwanda chake zilitoka bara letu, na wengi waliozibeba kutoka bara mpaka pwani walikuwa watumwa, au walitembea katika misafara iliyofuatana na biashara ya watumwa.

Vitabu vya zamani vya eneo lile vinamsifu Read mara mbili, kwa dini yake na kwa kiwanda chake, na havioni kwamba sifa hizo mbili zinagongana. Anayeziunganisha ni msomaji, akiwa na historia ya Middlesex upande mmoja na barua za Zanzibar upande mwingine. Simhukumu Read peke yake. Waters naye alisikitishwa na utumwa aliouona Unguja huku akinunua bidhaa zilizobebwa na watumwa. Ninachosema ni kwamba bila kitabu cha kaunti tungesema tu kuwa Marekani ilinunua pembe. Tukiwa nacho, tunamjua mnunuzi, kanisa lake na mtu aliyemficha, na swali la dhamiri linaanza kuuma.

Ramani baada ya moto

Tarehe 25 Juni 1914 moto ulizuka katika kiwanda cha ngozi kwenye Boston Street, hatua chache kutoka Proctor's Ledge. Upepo uliusukuma mpaka baharini. Majengo 1,376 yaliteketea, kiwanda cha Naumkeag kikiwemo, pamoja na mtaa wa wafanyakazi wake, wengi wao Wakanada wenye asili ya Ufaransa. Arthur Jones alitoa kitabu kuhusu moto huo mwaka uleule.

Mtaa huo hata hivyo haukupotea wote, kwa sababu kampuni za bima zilikuwa zimeuchora. Kuanzia 1867 kampuni ya Sanborn ilitengeneza ramani za miji ili wakadiriaji wa bima wajue hatari ya moto bila kufika. Nyumba ya matofali ilipakwa rangi ya waridi, ya mbao njano, ya mawe buluu. Ramani huonyesha idadi ya ghorofa, aina ya paa, mahali pa bomba la maji. Maktaba ya Bunge ina kurasa takriban 700,000 za ramani hizi, za miji ipatayo 12,000. Hakuna aliyezichora kwa ajili ya historia. Lakini ukiweka ramani ya kabla ya moto kando ya kitabu cha anwani, unamkuta mfumaji, unajua aliishi katika nyumba ya mbao ya ghorofa ngapi, na ukiona rangi ya njano imejaa ukurasa unaelewa kwa nini moto haukuzimika.

Hivyo ndivyo vitabu hivi vinavyosomwa. Historia ya kaunti hutoa picha pana na majina ya wenye nacho. Kitabu cha anwani hutoa waliosahauliwa. Shajara hutoa hali ya siku, hati ya ardhi hutoa mahali, ramani hutoa umbo. Kila kimoja kiulize: nani alilipia, nani aliandika, nani hakuulizwa. Kisha tafuta jambo moja linalotajwa na viwili kati yao, na uanze hapo. Vingi vimetoka nje ya hakimiliki na vimepigwa picha ukurasa kwa ukurasa. Aliyeko Mwanza au Mombasa anaweza kuvisoma bure kwenye intaneti katika maktaba za kidijitali kama Internet Archive na HathiTrust.

Na ana sababu ya kuvisoma. Perley alimsahihisha Upham kwa kuwa alizijua nyumba za Salem. Katika barua za manahodha na makonsuli wa Salem kuna watu wa Unguja, Lamu na Mrima walioandikwa kwa tahajia ya sikio la mgeni: madalali, wenye majahazi, wapagazi, mabibi waliopangisha nyumba. Wahariri wa Marekani walifanya walichoweza, lakini hawakukulia Shangani wala Malindi ya Unguja. Anayezijua koo za pwani, anayejua jumba lipi lilikuwa la nani, atayasoma majina yale na kuwatambua watu ambao vitabu vya Salem vimewabeba kwa karibu karne mbili bila kuwajua. Kazi ya Perley haijaisha, na sehemu iliyobaki inawahitaji watu wa pwani yetu.